Ndago imerudi mbichi kabisa na mpapai unajikunja, nimekosea wapi kwenye dawa ya magugu?

Chanika_Shambani:
Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada wenu. Nina kaeneo nyuma ya nyumba huku Chanika, hatua kama 20 kwa 15 hivi, nimepanda nyanya, bamia, matuta mawili ya mchicha, migomba mitano na mipapai mitatu. Tatizo langu ni ndago. Tangu masika yaanze nimepalilia mara nne na jembe, nikipalilia Jumamosi, Jumatano imeshachomoza tena vidole viwili, ile ncha yake kama sindano, hadi kwenye kokoto za njia ya kuingilia inatoka. Mke wangu ana mimba ya miezi saba hawezi tena kuinama na mimi narudi kazini usiku, nikaona bora nitafute dawa.

Nikaenda duka moja la pembejeo nikamwambia muuzaji nataka dawa ya kuua magugu. Hakuniuliza magugu gani wala nimepanda nini, akachota kwenye dumu kubwa akanijazia kwenye kichupa cha maji cha nusu lita, akasema vifuniko viwili kwa bomba moja basi. Lebo hakuna. Dawa yenyewe rangi ya kahawia, harufu kali kama dawa ya kusafishia choo. Nikaazima bomba la lita 16 kwa jirani. Siku mbili kabla nilishafyeka ili dawa ipite vizuri, nikapuliza saa saba mchana, upepo ulikuwepo wa wastani, maji nilichota kwenye dimbwi la nyuma maana bomba la DAWASA lilikuwa halitoi, na saa kumi mvua ikanyesha.

Sasa ni wiki mbili. Mashona nguo na mchicha pori vimejisokota vimekufa. Ndago iko kijani utadhani nimeimwagilia mbolea. Halafu mpapai mmoja majani ya juu yamekuwa membamba membamba kama kucha za kuku, na nyanya zilizo upande huo shina zimepinda na majani yamejikunja kwa ndani. Maswali yangu: hii ni dawa gani, udongo wangu umeharibika au la, zile nyanya zinalika, na ndago inakufa kwa dawa gani?? Nina kuku pia na mtoto wa miaka minne anayecheza huko nyuma ndo maana nina hofu.

kijanawapembejeo:
Pole mkuu. Kwa harufu hiyo na hayo majani ya mpapai hiyo ni 2,4-D asilimia kubwa. Ni dawa ya majani mapana, wanapuliza kwenye mahindi na ngano, mahindi yanabaki magugu ya majani mapana yanakufa. Ndago sio jani pana, inaiyumbisha kidogo tu inaendelea na maisha. Nyanya, papai, maharage, zabibu, pamba, hizo zote ni adui wa 2,4-D hata ukungu wake tu ukipita unaona. Na kupimiwa dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa hilo mkuu usikubali tena maishani, mimi nauza hizi vitu na hilo haturuhusiwi kabisa. Hicho kichupa kiko wapi sasa hivi? Kitoe hapo mtoto asikifikie kwanza kabla hujasoma mengine.

Chanika_Shambani:
Nimekitoa mkuu, kilikuwa stoo chini, nimeandika SUMU na makapeni nikakifungia juu ya kabati lenye kufuli. Asante sana.

MzeeWaMatuta:
Kijana pole, na huyo mwenzangu hapo juu kakupa jibu sahihi. Mimi nilikuwa bwana shamba miaka mingi huku Morogoro, sasa nimestaafu, nina kashamba kangu. Acha nikueleze taratibu maana swali lako lina mambo manne ndani yake na watu wengi wanayachanganya.

La kwanza, ndago yenyewe. Chukua uma wa shamba au hata mti, chimba shina moja taratibu bila kulikata. Utakuta uzi mwembamba unatoka chini, kwenye uzi kuna kinundu cheusi kama punje ya maharage, halafu uzi unaendelea, kinundu kingine, na kingine. Kivunje, ndani cheupe na kina harufu nzuri kama ubani fulani hivi. Hivyo vinundu ndio ndago, jani ni kama mdomo wake tu. Vingi viko ndani ya sentimita 15 za juu lakini vingine vinashuka hadi 30. Sasa wakati mnyororo uko mzima, kile cha mbele kinawazuia wenzake wasiote, wanalala. Wewe unapopiga jembe unakata mnyororo vipande, kila kinundu kinajiona kiko peke yake kinaamka. Ndio maana ulipalilia mara nne na imeongezeka, haikupungua.

La pili, dawa. Inayoshuka hadi kwenye vinundu ni ile ya glaifoseti, kwenye lebo tafuta neno linaloanza na GLY, majina ya biashara ni mengi usijali jina la mbele angalia kiambato. Hii inaingia kwenye jani bichi, inasafiri na chakula ambacho jani linakipeleka chini. Kwahiyo jani ndio njia. Ukifyeka siku mbili kabla ya kupuliza umeikata njia, dawa inaangukia udongo, na glaifoseti ikigusa udongo inashikwa na chembe za udongo haifanyi kazi tena. Unatakiwa ufanye kinyume chake kabisa: iache ndago ikue, iwe na majani sita nane, ina nguvu, udongo una unyevu, lakini kabla haijatoa maua. Hapo jani linapeleka chakula kwa wingi kwenye vinundu. Ndago iliyosinyaa kwa jua au yenye vumbi usiipulize, unapoteza hela.

Ila ujue glaifoseti haichagui. Chochote kijani kinachoguswa kinakufa au kinaumia, nyanya, mchicha, jani la mgomba, hata vichipukizi vya pembeni ya mgomba ukivigusa dawa inaenda hadi kwa mama yake. Na haizuii mbegu kuota, hiyo watu wanalalamika bure, mbegu zilizo ardhini hazina jani.

La tatu, maji. Hili hakuna anayelisema dukani. Maji ya dimbwi yenye tope yanaiua dawa ndani ya bomba lako kabla hujapuliza, kwa sababu ile ile niliyosema, udongo unaishika. Na huko Dar visima vingi maji yake magumu, ya chumvi, yale madini ya chokaa nayo yanaishika. Ukiweza tumia maji ya mvua uliyokinga batini. Kama huna, chukua mbolea ya SA (salfeti ya amonia), gramu 20 kwa kila lita ya maji, koroga mpaka iyeyuke yote, chuja na kitambaa isije ikaziba nozeli, ndipo uweke dawa. SA itangulie kwenye maji, dawa ifuate.

La nne, kipimo. Kifuniko sio kipimo, vifuniko vinatofautiana. Nunua sirinji kubwa au kikombe chenye mistari. Kisha jipime wewe mwenyewe na bomba lako: pima eneo la mita 10 kwa 10, weka maji matupu lita 5, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, mwisho pima yaliyobaki. Tuseme umetumia lita 2. Kama lebo inasema lita 3 kwa hekta, hekta moja ni vipande 100 vya ukubwa huo, basi kipande kimoja kinataka mililita 30 ndani ya zile lita 2, kwa bomba zima la lita 16 ni mililita 240. Mwingine anatembea polepole anatumia lita 4 kwenye eneo lile lile, huyo bomba lake linataka mililita 120 tu. Umeona? Ndio maana mtu akikwambia kwa mdomo "vifuniko viwili" anabahatisha na hela yako. Namba ya lita kwa hekta ichukue kwenye lebo ya dawa uliyoshika, usiichukue kwangu, maana nguvu za dawa zinatofautiana, kuna ya gramu 360 kwa lita na kuna ya 480. Na usidhani ukizidisha ndio inaua vizuri, ukizidisha jani linaungua haraka kabla halijapeleka dawa chini.

Puliza asubuhi umande ukishakauka, upepo umetulia, na uwe na uhakika wa kupata masaa sita bila mvua. Usibane pampu sana, matone yakiwa laini kama moshi yanaruka kwa jirani. Tumia nozeli bapa, ishikilie karibu na majani. Jani lilowe lakini lisichuruzike.

Baada ya hapo usiguse. Usipalilie, using'oe, hata kama siku ya nne inaonekana nzima. Njano inaanza siku ya saba hivi, wiki mbili ndio unaona imekauka. Halafu itaota tena kidogo, kutoka kwenye vile vinundu vilivyokuwa vimelala bila jani, hivyo dawa haikuvifikia. Usikate tamaa hapo, isubiri ifike majani sita, rudia. Ndago kwa mara moja haiishi, nikikwambia inaisha nitakuwa nakudanganya.

Sasa udongo wako. 2,4-D huwa haikai sana, kwenye udongo wenye joto na unyevu wadudu wa ardhini wanaimeng'enya ndani ya wiki chache. Kaa mwezi mmoja, halafu jaza udongo wa hapo kwenye kopo, na kopo lingine udongo wa mbali ambao hukupuliza, panda maharage matano kila kopo. Yakiota sawasawa kote, panda. Yakiota yamejipinda kwenye kopo la kwanza, ongeza wiki tatu. Nyanya zilizojikunja ng'oa, usizile na usiwape kuku, na usiziweke kwenye mboji. Mpapai uache, ukitoa majani mapya ya kawaida umepona, ila matunda yaliyopo sasa yatupe.

Na bomba la jirani. Hilo mwambie leo hii. Mabaki ya 2,4-D yanaganda kwenye mpira na kwenye fimbo, akienda kupuliza dawa ya wadudu kwenye nyanya zake ataziua bila kujua kwanini. Lioshwe na maji ya sabuni ya unga mara tatu, kila mara upige pampu maji yatoke kwenye nozeli, lilale na maji ya sabuni usiku kucha, kisha hayo maji yamwagwe mbali na kisima. Mimi nashauri bomba la magugu liwe la magugu tu, lipake rangi nyekundu.

Mama_Kibaha:
Mzee kasema vizuri namheshimu, ila mimi kama mama nimeshtuka na jambo moja, mke ana mimba ya miezi saba na mtoto wa miaka minne anacheza pale pale. Baba, nguo ulizopulizia alifua nani?

Mimi sipingi dawa kwa wenye heka kumi. Ila kaeneo ka hatua 20 kwa 15 kanawezekana bila dawa kama utakuwa na subira ya kiangazi. Mimi ndago nimeipunguza hivi: mwezi wa saba ardhi imekauka, nilichimbua kipande kwa kipande na uma, sikutumia jembe maana jembe linakata, nikageuza madonge juu jua liyapige. Vinundu vya ndago havivumilii ukavu, vikikauka vinakufa. Vile ninavyoviona naokota natandaza kwenye bati mpaka vinasinyaa vinakuwa kama pilipili manga. Sikumwagilia hapo hata tone kwa wiki sita. Vuli ilipoanza nikapanda viazi vitamu karibu karibu, nikajaza kila sehemu, maana ndago inachukia kivuli kuliko kitu chochote, ikikosa jua inatoa majani mawili dhaifu haitengenezi vinundu vipya. Misimu miwili hivyo. Haijaisha yote, lakini naing'oa kwa mkono nikiwa naongea na simu. Matandazo ya nyasi kavu hayafai kwa ndago, inayatoboa, hata nailoni nyeusi inaitoboa kwa ile ncha yake, nimeona kwa macho yangu.

Chanika_Shambani:
Shikamoo mzee, shikamoo mama. Mama swali lako limenikuta pabaya, nguo alifua mke wangu, pamoja na nguo zetu zingine. Sikufikiria kabisa. Nilivaa ndala na tisheti ya mikono mifupi, glavu sikuwa nazo. Yeye yuko salama na kliniki yake ya wiki hii iko sawa na nimewaambia nesi wakaandika, lakini moyo umeniuma.

MzeeWaMatuta:
Marahaba. Mama yuko sahihi na mimi ningeanza na hilo. Buti za mpira, suruali iwe nje ya buti isiwe ndani ili dawa isichuruzike mguuni, shati la mikono mirefu, glavu za mpira, miwani hasa wakati wa kuchanganya maana hapo ndipo dawa iko kali. Nguo unafua mwenyewe, peke yake, ndoo yake. Mtoto na kuku wasiingie mpaka pakauke, mimi huwa nawafungia kuku siku nzima. Chupa ikiisha suuza mara tatu, maji ya suuza yaingie kwenye bomba, halafu itoboe matundu isije ikatumika kuwekea mafuta ya taa au maji.

Na dawa yoyote unayonunua iwe imefungwa, ina lebo ya Kiswahili na namba ya usajili wa TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoko Ngaramtoni Arusha, zamani kazi hii ilikuwa TPRI. Angalia pia mkanda wa rangi chini ya lebo. Kijani na bluu ndio afadhali, njano kaa mbali, nyekundu usiilete nyumbani kabisa. Nasema hivyo kwa sababu ya parakwati. Inaua haraka, kesho yake majani yamekauka, watu wanaipenda, lakini haishuki mizizini kwahiyo ndago inarudi, na mtu akiinywa fundo moja kwa bahati mbaya hakuna dawa ya kuiondoa, mapafu yanakauka. Ulaya waliipiga marufuku 2007. Nimezika mtoto wa ndugu yangu aliyekunywa kwenye chupa ya soda. Sitaki kulirudia hilo.

kijanawapembejeo:
Mzee vipi kuhusu hii habari kwamba glaifoseti inaleta kansa, wateja wananiuliza kila siku?

MzeeWaMatuta:
Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO mwaka 2015 liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Mamlaka za Ulaya zikapitia zikaona hatari hiyo haijathibitika, na 2023 wakairuhusu tena kwa miaka 10. Wataalamu hawajakubaliana. Waambie wateja wako hivyo hivyo bila kupunguza, na uwauzie na glavu.

sangari_mkubwa:
Salamu kutoka Kiambu, Kenya. Huku kwetu vita kubwa ni sangari, ile nyasi ya kutambaa, ndago iko pia lakini kidogo. Nataka tu kuongeza vile mimi hufanya kwa shamba ndogo ya nyumbani, juu kupuliza karibu na mboga ni hatari hata upepo ukiwa umetulia. Chukua jerikeni ya plastiki ya lita 5, kata chini, pitisha fimbo ya bomba kwa ule mdomo, nozeli ikae ndani kama imevaa kofia. Ukiweka hiyo kofia juu ya kwekwe unafinya kidogo, dawa yote inabaki ndani. Kati ya mistari inafanya kazi poa sana.

Na zile ziko katikati ya mboga kabisa, hizo situmii bomba. Navaa glavu ya mpira, juu yake glavu ya kitambaa, nachovya hiyo ya kitambaa kwa dawa iliyochanganywa nakamua isidondoke, halafu naishika kwekwe kutoka chini nikivuta juu kama mtu anakamua ng'ombe. Ni kazi ya polepole lakini sukuma wiki iliyo kando yake haiguswi. Hapa kwetu pia angalia namba ya PCPB, bodi yetu ya dawa za mimea, kwa lebo kabla ulipe.

Chanika_Shambani:
Wakuu nimerudi, zimepita kama wiki saba tangu niandike. Mke wangu amejifungua salama mtoto wa kike, wote wazima.

Kichupa kile nilikirudisha dukani mkononi mwa mwenye duka, sio yule kijana wa kaunta, tukaongea kiutu. Bomba la jirani nililiosha mara tatu na nikamnunulia nozeli mpya, alinielewa. Kisha nikaigawa bustani mara mbili. Upande wa migomba na njia nikafanya alivyosema mzee, nilisubiri mpaka ndago ikawa na majani sita hadi nane, roho ilikuwa inaniuma kuiangalia inavyostawi, nikajipima na maji matupu nikatumia lita 2 na nusu kwa mita 10 kwa 10, maji ya mvua, asubuhi ya saa tatu, kofia ya jerikeni kama alivyosema ndugu wa Kiambu. Siku ya tano hamna kitu nikaanza kuingiwa na shaka. Siku ya tisa ncha zikaanza njano, siku ya kumi na sita imelala yote rangi ya majani makavu. Juzi nikachimba shina moja na mti kama mzee alivyosema, ule uzi ukatoka na vinundu vinne. Vitatu ndani vimekuwa kahawia na laini, vinabonyea. Cha nne cha mwisho kabisa bado cheupe, kigumu, na ile harufu ya ubani.

Upande wa mboga sijapuliza chochote. Maharage kwenye makopo mawili yameota sawa, marefu sawa. Nimefyeka tu, naacha pakauke na jua, mwezi wa saba naanza na uma kama Mama Kibaha, mbegu za viazi vitamu nimeshaahidiwa na mtu wa Kisarawe. Mpapai umetoa majani matatu mapya, mapana, ya kawaida.

Mzee, ile iliyoota upya karibu na mgomba wa tatu ina majani manne leo. Nisubiri mpaka lini?

MzeeWaMatuta:
Hongera sana kwa mtoto. Siku kumi hivi, ikifika sita. Na hapo karibu na mgomba tumia glavu, usitumie bomba.